Ngazi ya Jirani Yangu Inaishia Angani

Jirani yangu wa upande wa bondeni, kule Goba, Dar es Salaam, ana ngazi nzuri kuliko zote mtaani kwetu. Ni ya zege, ina vipandio 18, inakata kona katikati, na fundi aliyeisuka alijua anachofanya. Tatizo ni kwamba haiendi popote. Ukimaliza kipandio cha mwisho unatokea kwenye slabu tupu, yaani sakafu ya zege ya juu isiyo na kitu, jua la utosi, na mbele yako kuna nguzo 12 zilizokatishwa usawa wa kiuno. Kila nguzo imechomoza nondo nne, na kila nondo imevishwa chupa ya maji ya plastiki ili isishike kutu. Zimeshika zote. Mke wake huanika nguo huko juu, na mahindi yakitoka shamba huanikwa hukohuko. Vuli ikianza, sebule ya chini hutegeshwa ndoo tatu, mahali palepale kila mwaka.

Huyu bwana si mzembe na wala si fukara. Ana mshahara, haendekezi anasa, na huamka saa kumi alfajiri kuiwahi foleni. Jumapili moja tulikuwa tumekaa kwenye huo ukuta mfupi wa juu tukitazama magari ya Madale yakipandisha kilima, nikamuuliza ilikuwaje. Akasema: “Zege nilihesabu, jirani. Sikuhesabu ule mwaka ambao sitakuwa na kitu.”

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza kama nyumba yake ya kwanza iwe ya chini au ghorofa, naanza kwa kumuuliza pesa yake inaingiaje. Wengi hukasirika kidogo. Walitaka tuzungumze ramani.

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni kuhusu jambo hili umeandikwa kwa ajili ya mtu wa nchi nyingine. Yeye anakopeshwa na benki kwa miaka 25 au 30, anakabidhiwa funguo za nyumba iliyokwisha, kisha anakaa kufikiri kama magoti yake yatapenda ngazi uzeeni. Kwetu mikopo ya nyumba ipo, hilo si la kukataa. Sheria yake ilipitishwa 2008, na kampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu za kukopeshea, TMRC, ikaanzishwa 2010. Lakini ukijumlisha mikopo yote hiyo nchi nzima haifiki asilimia 1 ya pato la taifa, na riba yake huzungukia asilimia 15. Sensa ya 2022, ya kwanza kwetu kuhesabu na majengo, ilikuta majengo zaidi ya milioni 14. Sehemu kubwa kabisa ya hayo yalijengwa kwa pesa ya mkononi: mgawo wa kikoba, mafao, pikipiki iliyouzwa, ng'ombe wa baba, posho ya safari iliyobanwa kwa kulala nyumba ya wageni ya bei ya chini.

Pesa ya namna hiyo haiji kama mto. Inakuja kama mvua za pwani: miezi miwili ya masika, halafu unasubiri. Kwa hiyo nyumba ya kwanza lazima iweze kusimama. Nasema kusimama kwa maana ya kupumzika. Ije siku uiambie, “subiri hapo mpaka mwakani,” nayo isubiri bila kuharibika, na ikibidi uhamie hivyohivyo ilivyo.

Nyumba ya chini inajua kusubiri. Msingi ukishafika usawa wa jamvi, sakafu ya zege ya chini, unaweza kukaa miaka miwili, ukaota majani, hakuna kilichopotea isipokuwa kufyeka. Boma likishafungwa mkanda wa zege juu ya kuta linasubiri, ingawa hapo ni vizuri usizidishe. Ukishapaua na kupiga bati, mambo mengine yote ni hiari yako. Unachagua vyumba viwili, unavipiga plasta, unatia milango na nyavu, unachimba shimo la choo, unahamia. Sebule itabaki tofali tupu na mchanga chini, watoto wataifanya kiwanja cha mpira, na hiyo kodi ya miezi sita uliyokuwa unampelekea baba mwenye nyumba inageuka kuwa madirisha. Mimi nilihamia hivyo. Tulilala chumba kimoja watu wanne kwa miezi 14, jiko likiwa nje chini ya turubai la lori, na sijawahi kuijutia miezi hiyo, ingawa mama watoto ana maelezo yake tofauti.

Ghorofa haina adabu hiyo ya kusubiri. Kati ya jamvi la chini na paa la juu kuna jambo moja kubwa ambalo haligawanyiki, nalo ni slabu. Huwezi kumwaga slabu nusu mwezi huu na nusu mwezi ujao, labda uwe na mhandisi aliyekuonyesha kiungo kikae wapi. Inasukwa yote, inamwagwa yote, kwa kawaida siku moja, tangu alfajiri hadi taa za magari zinapowashwa.

Tuishike hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa na sentensi moja tamu: “Ghorofa ni nafuu, kwa sababu paa ni moja na msingi ni mmoja.” Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni hatari.

Chukua familia inayotaka mita za mraba 120 za kuishi: vyumba vitatu, sebule, jiko, vyoo viwili, stoo. Ya chini iwe mita 12 kwa 10. Ukiongeza sentimita 60 za bati kutokeza kila upande, na mwinuko wa nyuzi 30, unaezeka kama mita za mraba 170. Ghorofa ya nafasi hiyohiyo ya kuishi haitakuwa 60 chini na 60 juu, kwa sababu ngazi nayo inataka pa kukaa. Tuseme 67 kila sakafu. Paa lake litakuwa kama mita za mraba 102. Umeokoa karibu 70. Kwa bati za mita 3, hizo ni bati 30 na ushee, pamoja na mbao zake na misumari yake. Ni akiba ya kweli, na msingi nao umepungua urefu.

Sasa pandisha macho kwenye slabu. Toa tundu la ngazi, zinabaki mita za mraba 60. Kwa unene wa sentimita 15 hizo ni mita za ujazo 9 za zege. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, andaa mifuko 58 hivi ya saruji, mita za ujazo 4 za mchanga na karibu 8 za kokoto. Nondo za milimita 12 huuzwa kwa urefu wa mita 12, kila moja ina uzito wa kama kilo 10 na nusu, na utahitaji 70 au zaidi. Hapo hujasuka mihimili, hujagusa nguzo wala vitako vyake ardhini, na hujalipia mirunda na mbao za kushikilia mzigo huo usidondoke. Mirunda yenyewe hairudishwi kesho yake. Inakaa chini ya slabu wiki tatu hadi nne huku mtu akimwagilia asubuhi na jioni, kwa sababu zege hupimwa nguvu yake likiwa na siku 28, na fundi anayekuambia “siku kumi zinatosha, bosi” ana kazi nyingine mahali anataka kuipeleka hiyo mirunda.

Ukiweka hizo bati 30 upande mmoja wa mizani na slabu, mihimili, nguzo na ngazi upande wa pili, sijaona fundi mkweli atakayekwambia mizani imelala upande wa bati. Na bei yenyewe bado si kiini cha maneno yangu. Kiini ni kwamba gharama ya nyumba ya chini inakatika vipande vidogovidogo, wakati ile ya ghorofa ina pande moja kubwa ambalo ukishindwa kulimeza lote linakukaba.

Kuna uzito pia. Zege lina tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo hizo mita 9 ni kama tani 21 na nusu, zimening'inia juu ya sebule unayokula chakula cha usiku. Nyumba ya bati haikudai kitu kama hicho. Ndiyo sababu ghorofa haiwezi kuwa kazi ya fundi peke yake, hata awe fundi wa baba yako. Inataka michoro ya mhandisi aliyesajiliwa, kibali cha halmashauri na mkandarasi mwenye leseni, na hiyo nayo ni pesa ambayo watu huificha kwenye bajeti kwa kuiita “mambo madogomadogo.” Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, watu wakiwa dukani na wengine chini kabisa ya jengo. Hayo yalikuwa majengo makubwa ya biashara, si nyumba za familia, na mwenye kujenga cha sakafu mbili asijione yuko kwenye hatari ileile. Lakini somo la nguzo ni lilelile. Wala mwenye nyumba ya chini asijipige kifua: tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi mno za chini, za tofali zisizofungwa mkanda, na watu wakafa ndani yake.

Nilisema ngazi inataka pa kukaa. Watu hawalioni hili kwenye ramani kwa sababu ngazi huchorwa kwa mistari myembamba, inaonekana kama pambo. Kutoka sakafu hadi sakafu weka mita 3. Kipandio cha sentimita 17 ndicho mtoto na mzee wote wanakiweza, hivyo vinakuwa 18. Kila kimoja kiwe na upana wa kukanyaga wa sentimita 28, weka na mahali pa kugeukia, nawe umekula mita za mraba 7 chini na 7 juu. Kumi na nne. Hicho ni chumba cha mita 4 kwa 3 na nusu, chumba cha kulala kizuri kabisa chenye kabati, ambacho umekijenga, umekiezeka, umekipaka rangi, na hakuna mtu atakayelala humo hata siku moja.

Na kuna wanaopanda. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alijenga ghorofa yake akiwa na miaka 48 na nguvu zake. Vyumba vyote vya kulala akaviweka juu, chini sebule mbili, moja ya wageni na moja ya familia, na choo kidogo chenye pa kunawia mikono tu. Bibi alipokuja kutoka kijijini kutibiwa nyonga hakuweza kupanda. Kitanda kikashushwa sebuleni, likavutwa pazia, bibi akalala hapo miezi mitatu akisikiliza taarifa ya habari asiyoitaka, na kuoga kwake kukawa ni beseni. Miaka ilipopita mjomba mwenyewe akafia chumbani kwake juu. Jeneza lilifika, vijana wakalipandisha hadi kwenye ile kona ya ngazi, wakalisimamisha, wakalilaza, wakaligeuza, halikupita. Wakalirudisha. Mwili ukateremshwa kwa mkeka, wanaume sita, wawili wakienda kinyumenyume, na shangazi akiwa amesimama chini anatazama. Mchora ramani hakuliwaza hilo, na sisi tuliokuwa tumesimama pale tulijua ni kitu ambacho kingewazwa kwa dakika mbili tu: chumba kimoja chini, chenye choo na bafu lake. Kama utajenga ghorofa, chumba hicho usikubali kikatwe hata upewe sababu gani.

Mpaka hapa nimesema kama mtu aliyekwishaamua, na kwa kiasi fulani nimeamua. Lakini kuna hoja moja ya ghorofa ambayo sina jibu lake, na ni ardhi.

Kiwanja changu ni mita 20 kwa 30. Kwangu ya chini ilikaa na bado nikapata pa kufunga mbuzi wawili. Wanaonunua leo, hasa waliochelewa, wanauziwa 20 kwa 20, wengine 15 kwa 20, na wanaambiwa washukuru. Weka ile nyumba ya mita 12 kwa 10 juu ya 20 kwa 20, toa nafasi ya kuachiana na majirani, weka karo na shimo la maji machafu, weka gari. Umebaki na vichochoro vinne. Mbele ya nyumba hapafungwi turubai hata la watu 30. Na mtu wa Dar asiye na uwanja wa turubai amepunguza kitu kikubwa kuliko chumba: shughuli ya binti itafanyiwa ukumbini kwa kukodi, na msiba utafanyiwa barabarani. Hapo ghorofa, kwa kuminya miguu yake, inakurudishia uwanja. Kwenye miteremko mikali ya Goba au milima ya mawe ya Mwanza kuna hoja nyingine ya jinsi hiyo: kusawazisha mlima ili ulaze nyumba ya chini kunaweza kula pesa nyingi kuliko kuujengea mteremko sakafu mbili, ile ya chini ikiwa imeegemea kilima.

Watu wa pwani waliyajua haya zamani sana. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja hazikupanda juu kwa kujionyesha tu. Ardhi ndani ya mji ilikuwa imekwisha. Na zilipanda taratibu, sakafu kwa sakafu, kizazi kwa kizazi, hasa jinsi jirani yangu alivyotaka kufanya. Binti wa Lamu akiolewa, baba alimjengea juu ya nyumba yake, na pakikosekana nafasi wikio likavushwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba na nyumba. Kwa hiyo siwezi kusema kujenga ghorofa kwa awamu ni ujinga. Mababu walijenga hivyo na nyumba zao tunazitembelea kwa kiingilio.

Lakini tazama walivyofanya. Kuta za matumbawe na chokaa zilikuwa na unene wa nusu mita, tangu siku ya kwanza, kabla binti hajazaliwa. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, na hakuna aliyeilazimisha ivuke zaidi. Yaani uzito wa sakafu ya pili ulikuwa umeshalipiwa kwenye ukuta wa kwanza. Na sakafu hiyo ilikuwa na mwenyewe, bibi harusi ambaye jina lake lilijulikana. Ya jirani yangu ni ya “baadaye.”

Hiyo “baadaye” ndiyo nyumba ninayoiogopa kuliko zote mbili. Mtu hana pesa ya ghorofa, lakini moyo haumruhusu kujenga ya chini, basi anachimba msingi wa ghorofa, anasuka nguzo za ghorofa, anamwaga slabu, anahamia chini yake na kungoja. Amelipa bei ya ghorofa kasoro sakafu moja, na anakaa kwenye nyumba ya chini mbovu kuliko ya mwenzake wa bati. Slabu si paa. Haina mwinuko, maji yanatuama, yanatafuta ufa, yanafika kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba na kubandua zege lake yenyewe. Utaliona likidondoka vipandevipande darini. Mchana slabu inafyonza jua, usiku inalirudisha kwako kitandani. Kaskazi ya Januari chini ya slabu tupu, waulizeni wanaoijua. Kuna dawa za kuzuia maji, na wengine huishia kupiga bati juu ya slabu, ambapo mtu sasa ana paa mbili na sakafu moja.

Kidogo nimsahau binamu wa huyo mjenzi wa “baadaye,” yule wa nyumba ya kuficha bati. Anajenga ya chini lakini anainua kuta kuzunguka paa ili kwa mbali ionekane kama jengo la kisasa, bati linalala ndani karibu sawa na sahani, maji yote yanategemea mfereji mmoja wa ndani. Jani moja la mwembe likiziba pale, darini panaanza kuchora ramani. Napenda zinavyoonekana. Sitajenga.

Mengine nayapitia haraka. Maji ya bomba hayatapanda juu kwa nguvu zake siku nyingi za wiki, kwa hiyo tenki lazima liwe juu ya bafu la juu. Tenki la lita 2,000 likijaa ni tani 2, na mnara wake unataka kufikiriwa kama nyumba ndogo. Kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, Agosti 2021, nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi na ghorofa 5,000. Viwango vimeshapanda tangu wakati huo. Upepo wa kusi ukivuma, chumba cha juu ni raha tupu, hilo nakiri kwa wivu. Na paa kubwa la nyumba ya chini hukinga maji mengi zaidi: mvua ya milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba ya ardhi iliyofunikwa, na Dar hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Mwenye simtenki na mifereji mizuri ya bati anajua hilo lina maana gani wiki ambayo bomba linakohoa upepo.

Watu wazima hunikumbusha kwamba hata nyumba ya chini tunayoiita ya kawaida ilikuwa na akili ya pesa ndani yake. Zile za Kiswahili za Ilala, Magomeni na Kariakoo ya zamani, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani kwa nyuma na baraza mbele: mwenye nyumba alilala viwili, vinne vikapangishwa, na kodi ya hao wapangaji ikamalizia nyumba. Leo tunachora “masta” tatu, kila moja na choo chake, tunakaa kwenye pagale miaka minane tukisubiri vigae. Sijui ni lini tuliona aibu kuwa na mpangaji. Hata ghorofa ingejitetea vizuri zaidi kwa wengi kama chini pangekuwa na mlango wake na mpangaji wake, lakini ukimwambia hivyo kijana aliyechora ngazi ya kuzunguka katikati ya sebule, anakutazama kama umemtukana.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia. Amepata kiwanja Tabata, 15 kwa 20, cha urithi wa mkewe, na mtaa wote umebanana. Ana watoto watatu na mama mkwe anayekuja kukaa. Alijiandaa kubishana, maana anajua misimamo yangu.

“Kaka, najua utasema ya chini.”

Nikamwambia hapana. Kwa kiwanja hicho na idadi hiyo ya watu, ghorofa. Mama mkwe chini, na bafu lake. Paa lipigwe mwaka uleule slabu inapomwagwa, hata kama juu patabaki tofali tupu miaka mitatu. Kama pesa ya slabu na ya paa hazijakaa mkononi kwa pamoja, asianze slabu, akae kwenye nyumba ya kupanga. Akasema sawa, pesa ya slabu anayo, ya paa itatoka kwenye mafao ya mkewe mwakani. Nikanyamaza kidogo.

“Na udongo mmeupima?”

“Fundi amechimba shimo la choo akasema chini ni mchanga safi, uko poa.”

“Fundi ameangalia. Mmepima?”

Kimya. Nikasikia mtu nyuma yake anamuuliza kama waendelee. Wachimbaji walikuwa wameshafika, sururu begani, wanasubiri amalize simu. Nikamwambia awalipe posho ya siku na chai, warudi makwao.